Sikio Nyuma ya Pazia

Chuoni kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na somo kubwa na somo la pili. Somo langu kubwa lilikuwa jiografia, na hilo nililichagua mwenyewe, maana nilipenda ramani tangu shule ya kati. La pili nililipata kama mtu anavyopata kiti akichelewa msibani: palipobaki nafasi ndipo nilipokaa. Lilikuwa elimu ya lugha. Siku hizi vijana wanaiita isimu na wana vitabu vyake kwa Kiswahili. Wakati ule, miaka michache kabla Mwingereza hajaondoka, sie hatukuwa hata na neno la kuwaambia wazazi tunasoma nini. Baba yangu, karani wa bandarini, alipoulizwa na wenzake mwanawe anasomea nini huko ng'ambo ya Ziwa, alijibu jiografia, basi.

Darasa lilikuwa chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye dirisha moja na harufu ya karatasi zilizolowa. Tulikuwa wachache. Mwalimu alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, aliyewahi kuishi misheni kwa muda mrefu na kusema lugha kadhaa za bara vizuri kuliko baadhi yetu. Aliingia darasani na kioo cha kunyolea na vipande vya karatasi nyembamba. Karatasi tuliziweka mbele ya midomo tuone pumzi inavyozirusha. Kwenye kioo tuliangalia ndimi zetu. Tulishika makoo yetu, tukatoa sauti moja baada ya nyingine, tusikie ipi inatetema na ipi imekaa kimya.

"Mtu anaweza kuficha nguo yake, dini yake, hata jina lake," alituambia siku moja. "Lakini mama yake atasikika mdomoni mwake."

Tulicheka. Niliona ni maneno matamu, nikalala nayo.

Katika darasa lile kulikuwa na kijana mwingine wa Dar es Salaam, mtoto wa mwalimu wa shule, kwao Kinondoni. Tulilala chumba kimoja. Mimi somo lile nililisoma kwa vitabu, yeye alilisoma kwa masikio. Ungemletea mtu asiyemjua, mtu yule akasalimia tu na kuomba maji, mwenzangu angemwambia kwao ni wapi, na mara nyingine angemtajia hata upande wa mto alikozaliwa. Jioni, kwenye bwalo la chakula, wanafunzi walimzunguka wakitaka wajaribiwe. Ulikuwa mchezo wetu, na sisi wa Dar tuliuonea fahari.

Siku moja alimjaribu mpishi mkuu, mtu mzima ambaye miaka yote alijulikana kuwa mwenyeji wa pale pale. Mwenzangu alimsikiliza akigawa viazi, akacheka, akasema mbele ya watu wote, "Mzee, wewe si wa hapa. Wewe umetoka ng'ambo ya mpaka, na umekuja ukiwa mkubwa." Mpishi aliweka upawa juu ya meza taratibu sana. Hakukasirika. Alimtazama mwenzangu kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemfahamu njiani, akaingia jikoni. Wiki haikuisha tukasikia ameacha kazi na kuondoka na familia yake, hakuaga mtu.

Mwenzangu alisikitika, lakini nilimwona pia akitabasamu alipofikiri simwangalii. Alikuwa amepatia.

Likizo ndefu ilipofika tukasafiri pamoja, meli ya ziwani kisha gari moshi, hadi Dar es Salaam. Tuliagana stesheni. Yeye akaelekea Kinondoni, mimi Temeke, ambako baba alikuwa amejenga nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vyetu, vingine alivipangisha. Chumba kimoja alikaa mchonga vinyago wa kusini na mkewe. Chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, alikaa mama mmoja mshonaji na binti yake aliyekuwa akisoma shule ya misheni.

Mama yule alitoka nyanda za juu za kusini, kwenye migomba na mvua isiyokatika. Mumewe alikuwa kuli wa bandarini, na baba ndiye aliyemleta nyumbani kwetu kama mpangaji. Kisha mzigo ukakatika kamba gatini, ukamwangukia. Kule kwao, mdogo wa marehemu alikuwa ametuma salamu kwa kila mtu aliyekuja mjini: mjane wa ukoo harudi kwa wazazi wake, anarithiwa, na mtoto ni wa ukoo. Mama alizisikiliza salamu zile, akaendelea kusukuma cherehani. Hakuwa na mahari ya kurudisha, wala nia ya kuwa mke wa pili wa mtu aliyemjua kwa ngumi zake. Mji ndio uliokuwa kimbilio lake.

Mwalimu wetu alikuwa ametuagiza tukusanye maneno ya nyumbani kutoka lugha za watu tunaokaa nao: maneno ya moto, maji, usingizi, mvua. Nikaanza uani kwetu. Mchonga vinyago alinipa yake akicheka. Mama mshonaji alinipa yake polepole, akisimamisha cherehani kila neno ili nisikie vizuri, na binti yake akimsahihisha ndipo tukacheka sote. Nilizunguka pia kwa majirani, hadi Keko na Buguruni. Watu walifurahi kuulizwa. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanaitaje umande.

Kisha msako ukaanza.

Misako haikuwa kitu kipya. Serikali ilikuwa ikiwakamata watu iliowaita wahuni, yaani wasio na kazi ya kuandikwa wala stakabadhi ya kodi, ikawarudisha makwao. Lori lilisimama karibu na soko asubuhi, askari wakashuka, watu wakakimbia, wengine wakapandishwa. Ila mtu aliyezaliwa Dar es Salaam au vijiji vya karibu, huyo ungemrudisha wapi? Ndiyo maana kila aliyekamatwa alijibu hivyo hivyo. Kwenu wapi? Hapa hapa, bwana. Baba yako? Wa hapa. Na askari, ambao nusu yao wenyewe hawakuwa wa hapa, walichoka wakamwachia.

Mara hii ilikuwa tofauti. Waliokamatwa walipelekwa kwenye banda la mabati upande wa Keko, wakaingizwa mmoja mmoja, wakaulizwa maswali na Mzungu aliyekaa mezani. Nyuma yake palitundikwa pazia la turubai. Waliorudi walisema kuna mtu nyuma ya pazia. Haonekani wala hasemi. Mzungu akimaliza kuuliza, anageuza kichwa kidogo, anasikiliza kitu, kisha anasema: huyu wa Lindi, huyu wa Songea, huyu wa Tabora. Na ni kweli.

Watu wakampa jina. Wakamwita Sikio.

Mzee mmoja wa Buguruni, aliyeishi mjini tangu kijana, ambaye wajukuu zake hawakujua neno hata moja la kwao, aliondoka na gari moshi la mchana akiwa ameshika taa ya chemli kifuani. Ndicho kitu pekee alichopata nafasi ya kuchukua.

Mimi nilijua kabla ya kuambiwa. Katika mji ule hapakuwa na watu wengi wenye uwezo wa kufanya jambo lile. Mmoja nilikuwa mimi.

Majirani nao walikuwa na akili zao. Nani amekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanaitaje maji kwao? Nilipotoka uani, wanawake waliokuwa wakiongea kisimani wakanyamaza. Hawakugeuka, hawakunitukana. Walinyamaza tu, wakaendelea kuvuta maji hadi nipite. Nikimsalimia mtu, aliitikia kwa kichwa. Kimya kile kilikaa masikioni kama maji ya kuoga. Mchonga vinyago akaacha kuzungumza na mkewe nikiwa karibu. Walikuwa wakionyeshana vitu kwa vidole.

Baba aliniita chumbani.

"Niambie kweli," alisema. "Ni wewe?"

"Si mie, baba."

"Unamjua?"

Niliitikia kwa kichwa. Baba aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi kaongee naye," alisema. "Kabla hawajaja kuongea nawe."

Nilikwenda Kinondoni kwa miguu, nikimfikiria njia nzima. Nilimkuta amekaa barazani kwa baba yake, shati jipya, baiskeli mpya imeegemezwa ukutani. Alifurahi kuniona, kweli alifurahi. Akaniitishia chai.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nimewaambia habari zako. Wanataka masikio mawili, maana mimi nachoka. Saa tano ikishafika, sauti zote zinakuwa moja."

"Unajua unawapeleka wapi watu wale?"

"Nawapeleka kwao."

"Kwao ni hapa."

"Mimi sisemi kwao ni wapi," alijibu, na sauti yake ilikuwa ya utulivu kabisa, kama tuko darasani. "Mimi nasema ninachosikia. Sijawahi kusema uongo hata mara moja. Uliza. Anayeamua ni yule aliye mezani."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kila mtu aliyepita barabarani akisalimia, niliona kichwa chake kikiinama kidogo upande, bila yeye kujua, akisikiliza. Muuza maji alipita akinadi. Mwenzangu akasema kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Rufiji, upande wa juu." Sikumaliza chai.

Haikupita muda Mzungu wa banda lile akanitumia askari. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akazungumza Kiswahili safi cha vitabuni. Alisema mji umejaa, maji hayatoshi, kazi hazitoshi, na wenye haki ya mji ni wenyeji. Alisema masomo yangu yanalipiwa na serikali, na anaamini kijana aliyesomeshwa ana deni la shukrani. Hakunitisha. Aliniambia nifikiri, nirudi baada ya siku chache na jibu, na nikirudi niingie kwanza nyuma ya pazia nisikilize, nione kama kazi inanifaa. Nilipotoka aliniuliza kwa upole, "Nyumbani kwenu mna wapangaji wangapi?"

Sikumbuki nilijibu nini.

Alasiri ile ile mama mshonaji alibisha hodi mlangoni kwetu. Alikuwa amejifunga kanga vizuri, kama anayekwenda kanisani. Mama yangu alimkaribisha ndani. Akakaa kwenye mkeka, akanitazama usoni, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa siku nyingi.

"Mwanangu," alisema, "mie najua si wewe. Mtu anayetaka kukusaliti hakuulizi jina la umande. Nifundishe."

"Nikufundishe nini, mama?"

"Kusema kama mama yako."

Lugha ya kwao haina sauti ile ya z. Alisema mesa, sawadi, msigo, na miaka yote ya mjini haikuondoa. Nikamwambia ashike koo lake kwa vidole, kama tulivyofundishwa. Sema sss. Kimya, sivyo? Sasa acha koo liimbe ndani yake, kama nyuki kwenye mzinga. Alijaribu, ikatoka s. Akajaribu tena. Mama yangu akaja akashika koo lake mwenyewe, akamwonyesha, wakawa wanawake wawili watu wazima wamekaa mkekani wakivuma kama nyuki. Mara ikatoka. Aliishika pale kooni, macho yamemtoka, kama mtu aliyekamata samaki kwa mkono. Akacheka hadi machozi. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kumsikia akicheka kicheko chake mwenyewe.

Kuanzia hapo tukafanya kazi kila siku. Yeye alisukuma cherehani kwa mguu, na mlio wa cherehani ukafunika sauti zetu ili chumba cha pili kisisikie. Zawadi. Mzigo. Zamani. Tukaja kwenye r, ambayo aliisema l. Barua. Habari. Mama yangu akachukua mambo ambayo mimi sikuwa na elimu nayo: jinsi mwanamke wa pwani anavyovuta neno akishangaa, anavyoitikia taarabu ya jirani, anavyolalamika bei ya samaki, na namna ya kupika wali wa nazi kwa mpangilio wake, tui la kwanza na tui la pili. Kwao hakukuwa na minazi. Binti yake alikatazwa kuzungumza lugha ya nyumbani hata chumbani. Usiku hakuna aliyejua mtu anaota kwa lugha gani, kwa hiyo mama alianza kulala na kitambaa mdomoni. Binti alimwambia mama yangu.

Siku yangu ya kupeleka jibu ilifika. Nilikuwa nimeamua kusema siwezi, na nilikuwa nikitafuta njia ya kusema hivyo bila baba kupoteza kazi. Nilipofika bandani askari alinipitisha mlango wa pembeni, nikajikuta nyuma ya turubai. Mwenzangu alikuwa pale kwenye kiti, miguu wazi, mikono juu ya magoti, macho amefumba. Alinisikia, akanyoosha mkono akagonga kiti cha pili. Nikakaa. Palikuwa na joto la mabati na harufu ya mafuta ya taa. Mbele yetu turubai lilikuwa na tundu dogo. Kupitia tundu lile niliona mgongo wa Mzungu na meza, na upande wa pili wa meza mahali pa kusimama.

Walipita watu kadhaa. Mwenzangu alinong'ona, Mzungu akaandika. Mtu mmoja alipotajiwa wilaya yake alipiga magoti bila kusema neno.

Kisha akaingia mama mshonaji.

Alikuwa amekamatwa sokoni asubuhi ile, wakati mimi niko njiani kwa barabara nyingine. Alisimama mahali pale, mikono kifuani, kikapu cha nyuzi bado mkononi. Nilihisi mwenzangu akinigeukia gizani, akageuka tena mbele.

"Kwenu wapi?" Mzungu aliuliza.

"Hapa hapa Temeke, bwana. Nimezaliwa mbele ya Mbagala."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona, bwana, tangu alipokufa mume wangu. Mashuka, magauni, nguo za wazungu pia nikizipata."

Z ile ilitoka safi. Mwenzangu aliinama sikioni mwa Mzungu kupitia mpasuko wa pazia, akasema kitu. Mzungu akatabasamu.

"Nieleze unavyopika wali."

Nilijua amefanya nini. Hakuna swali linalomtoa mwanamke z nyingi kuliko lile. Mama akaanza. Alisema anachagua mchele, anauosha, anaipasua nazi, anakaa kwenye mbuzi anakuna, anachuja tui zito analiweka kando, anachuja tena la pili ndilo linaloanza jikoni. Alisema polepole, kama anasimulia jambo linalomchosha. Nazi. Mbuzi. Zito. Zote zilivuma. Nikaona vidole vyake vikipanda shingoni, kama anajikuna, na nikaomba asivifikishe kooni. Alivishusha.

Mwenzangu akainama tena kwenye mpasuko, na safari hii nilisikia alichosema, kwa sauti ya upole, ya mtu anayejua kazi yake.

"Muulize mumewe alikufaje."

Mzungu akauliza.

Mama alitazama chini. Alisema mumewe alikuwa akifanya kazi gatini. Alisema asubuhi ile aliondoka hajanywa chai, kwa kuwa sukari ilikuwa imekwisha. Sauti yake ilianza kupungua. Alisema watu wawili walikuja mlangoni wakiwa wamevua kofia. Akavuta pumzi.

"Msigo," alisema. "Msigo ulimwangukia."

Nje, askari mmoja alikuwa akicheka na mwenzake. Mzungu aligeuza kichwa kidogo kuelekea turubai, kama watu walivyokuwa wamesimulia.

Mwenzangu hakunong'ona. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi. Nilimwona akisikiliza tena neno lile ndani ya kichwa chake, kisha maneno yote yaliyotangulia. Sikumwomba kwa mdomo. Sikumwomba kwa mkono. Sikujua kama uso wangu ulikuwa unasema chochote, maana sikuuhisi.

Akainama kwenye mpasuko.

"Wa hapa," alisema.

Mzungu alingoja kidogo, kama anayetarajia neno lingine. Halikuja. Akamruhusu mama aondoke. Mama alitoka akitembea wima, na kikapu chake, bila kuangalia nyuma.

Mwenzangu aliomba kupumzika, tukatoka kwa mlango wa pembeni, tukasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Zile zedi zako," alisema. "Nimezisikia tangu ya kwanza. Mtu wa Mbagala hasemi hivyo. Mwanafunzi wa mwalimu wetu ndiye anayesema hivyo."

"Ahsante, ndugu yangu."

"Usinishukuru. Nimesema uongo. Sasa yule mtu mezani ataanza kuuliza, na mimi sijui tena nisimame wapi." Alitazama barabarani. "Kesho utakuja?"

"Siji."

"Basi wataleta mwingine. Na huyo hajawahi kulala chumba kimoja nawe."

Watu walikuwa wamepanga foleni upande wa pili wa barabara, wakingoja ndugu zao. Walituona tumesimama pamoja. Walimwona mtu aliyetoka nyuma ya banda, na wakaniona mimi nimetoka pamoja naye. Nilipogeuka kwenda zangu foleni yote ilikuwa inanitazama.

Kwa Mzungu nilirudi alasiri nikamwambia narudi chuoni mapema, nimeitwa. Alisimama akanipa mkono. "Vizuri," alisema. "Elimu kwanza. Sisi hatusahau."

Nyumbani mambo yaliharibika haraka. Habari ya mimi kuonekana bandani ilifika Temeke kabla yangu. Mchonga vinyago na mkewe walihama alfajiri, wakaacha kinyago kimoja hakijamalizwa, kichwa bila uso. Muuza maji akaacha kusimama kwetu. Mama yangu alipokwenda kisimani, wanawake waliokota ndoo zao, nusu zimejaa, wakaondoka. Mtu aliyeweza kunitetea alikuwa mmoja tu, na hakuweza kufungua mdomo: kusema kwamba nilimsaidia ni kusema kwamba yeye si wa hapa. Alikaa chumbani kwake akishona mlango umefungwa. Siku moja alipita ukumbini, akanikuta nimekaa. Alisimama. Midomo ikacheza. Kisha akaingia uani.

Baba ndiye aliyempa ushauri wa kuhama, kwa ajili yake na kwa ajili yetu. Alikuwa na mtu anayemfahamu huko Boko, nje ya mji, mwenye shamba la mikorosho na vyumba vya kupangisha. Mama na binti yake waliondoka na lori la kwenda kuchukua chokaa, cherehani limefunikwa gunia. Mimi nilisaidia kulipandisha, hatukuongea.

Nilirudi chuoni peke yangu. Kitanda cha mwenzangu kilibaki kitupu. Kwanza walisema anaumwa, baadaye wakasema amepata kazi serikalini. Miezi ikapita nikasikia kwa mtu wa kwetu kwamba alihamishwa bara, mji mmoja hadi mwingine, na kila mji pazia lilitundikwa. Wengine walisema hapana, walimwona Kinondoni kwa baba yake, amekaa ndani na pamba masikioni. Sijui lipi ni kweli. Nilimwandikia, hakujibu.

Mwanzoni mwa muhula, mkuu wa chuo aliniita. Alikuwa mzee mwema, na aliongea bila kunitazama, akipanga kalamu zake. Alisema nafasi yangu katika elimu ya lugha imechukuliwa, somo langu la pili sasa litakuwa maarifa ya Biblia. Nilimwuliza nani amesema. Alisema ni mpangilio tu. Mwalimu wetu mwembamba nilikutana naye karibu na maktaba, kioo chake mkononi. Alinishika bega, akafungua mdomo aseme jambo, akaona mtu anakuja, akaendelea na safari yake.

Likizo iliyofuata mama yangu alinituma Boko kupeleka kitambaa. Niliikuta nyumba kwa kuuliza. Mama mshonaji alikuwa amekaa kibarazani na wanawake wa pale, wakichambua mboga. Aliniona tangu mbali. Nikamsikia akiwaambia wenzake, kwa mvuto wa kipwani kabisa, "Huyo mtoto wa dada yangu wa mjini," akaja kunipokea njiani kabla sijafika kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

Alikuwa amekonda. Alipokea kitambaa, akauliza habari za mama, za baba. Kila neno lilikuwa mahali pake. Nikamwuliza binti anaendeleaje na shule. Akasema haendi tena. Shule ya kule wanaandika kabila. Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Usije tena," alisema. "Si kwa ubaya. Watu wa hapa wananijua mimi wa Mbagala. Msomi akija, wanauliza. Wiki jana amepita mtu na baiskeli, akaomba maji kila nyumba. Anaomba maji, anakaa, anaongea. Hakuwa na kiu."

"Mtu wa namna gani?"

"Kijana. Simjui." Alitazama njia niliyokuja nayo. "Nilimpa maji kwa ishara. Nilimwonyesha kwamba mie bubu."

Akaingia ndani, akatoka na mihogo iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akanipa. Wanawake kibarazani walikuwa wameacha kuchambua mboga, wanatutazama. Mama aliwageukia akacheka nao kwa sauti, akarudi kwenye kiti chake. Binti alinisindikiza hadi barabara ya Bagamoyo. Nilimwuliza jambo moja au mawili. Aliitikia kwa kichwa. Lori la mkaa liliposimama nikapanda nyuma. Alibaki amesimama ukingoni mwa barabara, mdomo umefungwa, hadi vumbi likatutenganisha.